Mama Giza na Filamu Mbili

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mwenzetu tunayemwita Mama Giza anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika studio yetu ya picha.

Alianzia mapokezi, akiandika risiti na kuwachana watoto nywele kabla hawajapigwa picha. Hakukaa sana huko. Kila akipata upenyo alikuwa akichungulia chumba cha giza, mpaka fundi wa wakati huo akachoka kumfukuza, akaamua kumfundisha kusafisha filamu. Na ole wako ufungue mlango akiwa kazini! Wapo wakubwa wa hapa waliosemwa mpaka wakasahau walichofuata.

Lakini heshima yake hasa aliipata mwaka ule wa filamu mbili. Picha za rangi zilikuwa zimetuchukulia wateja, na filamu ya nyeusi na nyeupe yenye jina kubwa ilikuwa haishikiki kwa bei. Mkurugenzi akatangaza kwamba gharama zisiposhuka, chumba cha giza kitafungwa. Kibarua cha Mama Giza kingeota nyasi kabla ya vyote. Madukani kulikuwa na filamu rahisi, ambayo watu walidai ni ileile ya jina kubwa iliyovalishwa kasha jingine. Wapiga picha wetu hawakutaka hata kuigusa. Mkongwe wao, Babu Flashi, aliapa kwamba ni takataka.

Mama Giza hakubishana naye. Alimleta mama mkwe wake, mwanamke ambaye hajawahi kuridhika na picha yoyote, akampiga picha kwa filamu zote mbili: kwanza uani, kisha ndani, akiwa ameligeuzia dirisha mgongo. Akazianika picha kwenye kamba bila alama, akatuita tuchague. Babu Flashi akazunguka, miwani juu, miwani chini, akaichagua picha moja ya uani kwa mbwembwe zote. Ilikuwa ya filamu rahisi. Jamani, tulicheka! Mama mkwe naye aliitaka hiyohiyo, tena kwenye fremu.

Hapo angenyamaza tu, mambo yake yangenyooka. Wapi! Aliivuta picha ya dirishani mbele ya mkurugenzi, akaonyesha weupe uliomeza nusu ya kichwa cha mama mkwe, akasema waziwazi kwamba hapa filamu rahisi imeshindwa, na kwamba hizi mbili si pacha, hata wauzaji waseme nini. Tulidhani anajichongea.

Mkurugenzi akamwachia yeye apange ipi itumike wapi. Rahisi ikaenda kwenye picha za pasipoti na za uani, ya jina kubwa ikabaki kwa harusi, na kila mteja akaambiwa filamu aliyopigiwa. Gharama zikashuka. Chumba hakikufungwa, na hakuna aliyepoteza kazi.

Mama yetu, asante sana. Tunajivunia wewe, na tunasema hivyo bila haya. Kapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha, afya isikutupe. Uwe na maisha mema huko uendako. Sisi hapa tutaendelea kumwambia mteja ukweli, hata siku ukweli huo utakapotugharimu.