Majina Mawili Kwenye Kioo: Maisha ya Kornelio Deogratias Chilumba, 1957–1999

Baba Paroko, wafiwa, majirani wa Pugu na nyote mliotoka Buguruni, Tandika na Masasi, familia imenipa mimi, Benedikto, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, mepesi na mazito, kwa sababu mwenyewe hakuwa mtu wa kupaka mambo rangi.

Kornelio Deogratias Chilumba alizaliwa tarehe 4 Mei 1957 katika kijiji cha Lukuledi, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Deogratias na Mama Adelina. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini tangu 1965 hadi 1971, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na kuanzia hapo hakuna aliyemfundisha kitu, alijifundisha mwenyewe, akianza na redio ya baba, ambayo aliifungua bila ruhusa, akachapwa, akaifunga ikaimba vizuri kuliko mwanzo, akachapwa tena kwa kukataa kuomba radhi.

Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam, na Februari 1979 akaajiriwa katika karakana ya shirika moja la umma, akitengeneza mashine za kuchapia na za kukokotolea. Huko ndiko alikokutana na Shomari Khalfani, mwenyeji wa Buguruni, wakakaa meza moja miaka kumi na minne, wakitaniana kutwa, Shomari akisema kwamba huyu mtu wa kusini mashine haitengenezi, anaichonga kama kinyago, na Kornelio akijibu kwamba wenyeji wa mji hawana haja ya ufundi, wao ni kukaa barazani na kungoja kodi za vyumba.

Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Anjelina, shemeji yangu huyu mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto wawili, Monica mwaka 1986 na Ansbert mwaka 1989.

Juni 1993 shirika lilipunguza wafanyakazi, marehemu na Shomari wakawa katika waliopunguzwa, wakafungua kikarakana chao katika chumba cha mbele cha nyumba ya kina Shomari, Buguruni. Kompyuta za mitumba zilikuwa zimeanza kushuka mjini, Kornelio akaziparamia kama alivyoiparamia ile redio, na hakuchukua muda akawa fundi wa jambo moja ambalo wengi walilikimbia, yaani kuiweka mifumo miwili katika kompyuta moja, wa zamani ambao ofisi imeuzoea na mpya ambao wakubwa wanautaka, na kukiweka mwanzoni mwa diski kile kiprogramu kidogo kinachouliza, kompyuta inapowashwa, leo twende upande upi.

Kiprogramu hicho ni kama mlango, na kila mtu anapoingiza Windows upya, Windows huweka mlango wake palepale, wa kwanza ukapotea, na mwenye kompyuta huona upande mmoja tu, akaamini kwamba ule wa pili umefutwa. Wateja walimjia wakitetemeka, naye aliwagombeza kwanza, maana hasira zake mnazijua, halafu akawaambia kwamba nyumba ipo, kilichozibwa ni mlango, na wasimruhusu mtu yeyote kupiga fomati, yaani kuifuta diski yote. Kila aliyemtengenezea alimwachia disketi ya kuwashia, inayoiamsha mashine hata mlango ukizibwa, ameibandika kwa selotepu ndani ya kasha la mashine yenyewe, ili siku ya shida isitafutwe kwa jirani.

Mashine yao wenyewe ilikuwa moja tu, na Agosti 1996 aliigawa nusu kwa nusu, Shomari akachukua upande wa Windows wa kuchapia barua za watu, naye akachukua upande wa Linux, mfumo wa bure alioutoa kwenye CD iliyokuja na jarida la nje, akawa anaandika humo masomo ya ufundi kwa Kiswahili. Ukiiwasha, kioo kilionyesha majina mawili, kornelio na shomari, ukiandika moja mashine inakupeleka huko, usipoandika inasubiri kidogo, kisha inakwenda kwa Shomari, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na wateja.

Sasa nafika pale nilipoombwa na baadhi ya ndugu niparuke, na siparuki. Oktoba 1997 marehemu alikwenda Lukuledi kumzika baba yetu, na huku nyuma virusi vya kompyuta vikala upande wa Shomari, wateja wamejaa mlangoni, Shomari akaingiza Windows upya peke yake. Jumatatu ya tarehe 13 Kornelio alirudi, akaiwasha mashine, jina lake hakuliona. Alisema maneno ambayo Buguruni yote iliyasikia, kwamba nimekwenda kuzika, kumbe na mimi huku nimezikwa, na Shomari, ambaye naye si mtu wa kumeza neno, akamwambia kama anaona amezikwa basi afufukie kwingine. Kornelio akakusanya bisibisi zake, akahamia kibarazani Tandika, na hawakusalimiana tena.

Yeye aliyewaambia wateja wote kwamba nyumba ipo, ya kwake hakuiangalia.

Januari 1998 alikutwa na kisukari, akawa anafanya kazi amekaa, kisha nusu siku, kisha siku moja moja, na mwezi Novemba akakatwa mguu wa kushoto Muhimbili. Alichoka, nasi tulichoka pamoja naye, na katika uchovu ule ndipo yalipozaliwa maneno haya tunayoyasikia tangu juzi hapa msibani, kwamba Shomari alimfutia kazi zake, akamvunja moyo, na moyo ndio uliomuua. Huo ni uongo, na marehemu mwenyewe aliagiza usemwe kuwa uongo kabla hajafukiwa.

Februari mwaka huu shemeji Anjelina alipita Buguruni, akamweleza Shomari hali ya mgonjwa, na kesho yake Shomari akafika hapa Pugu na mashine ile kwenye pikapu, imefungwa kwa khanga za mkewe. Tulijua siku hiyo kwamba tangu ugomvi watu walikuwa wakimshauri apige fomati diski nzima apate nafasi, naye alikataa, akaendelea kubanana katika nusu yake, akifuta barua za wateja wake ili aingize nyingine, na anayemuuliza humjibu kwamba kule kwingine kuna mwenyewe.

Marehemu aligeukia ukutani. Shomari hakumbembeleza, alichukua bisibisi, akafungua kasha, na disketi ilikuwa palepale ilipobandikwa, selotepu imekauka. Basi mgonjwa akageuka, akaomba mito, disketi ikaingizwa, ikakoroma kwa muda mrefu, na upande wake ukafunguka, masomo yote yamo. Aliandika amri moja ya kurudisha mlango, akaizima mashine, akaiwasha, na majina yakatokea yote mawili. Shomari alimuuliza, sasa bwana wewe, fundi mzima, mwaka na zaidi ulishindwa nini kuja kutazama, naye akasema hakushindwa, aliogopa, kwa sababu angeyakuta yapo ingembidi aombe radhi, na kuomba radhi hakuwahi kujifunza. Akamwomba radhi hapo kitandani, sisi tukisikia. Kisha akauondoa ule muda wa kusubiri, ili mashine isiende kwa yeyote mpaka mtu aandike jina, na Shomari aliponung'unika kwamba wateja watacheleweshwa, akamwambia wateja wamezoea kucheleweshwa na Waswahili.

Kornelio alifariki dunia Jumanne, tarehe 16 Machi 1999, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Muhimbili, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, mafundi wa Tandika waliofunga meza zao, na Shomari Khalfani, ambaye tangu alfajiri alikuwa kaburini na jembe. Ametuambia kwamba leo, kabla ya kuja, aliiwasha mashine kule Buguruni, yakatokea majina mawili, akashindwa kuandika lake, akaiacha inasubiri.

Umechoka vya kutosha, kaka. Pumzika kwa amani, mlango tutaulinda sisi.