Sindano ya Albert

Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ziwa Mweru, benchi la mama Yolande muuza kahawa sokoni Kashikishi huwa limeshajaa. Hukaa walewale: Hénoc, aitwaye Prof kwa kuwa alifundisha sayansi kule Pweto, Kongo, kabla ya kukimbilia kambi ya Mantapala upande huu wa Zambia, François, aitwaye Douane, yaani forodha, kwa sababu amevuka mpaka na magunia ya samaki mara nyingi kuliko wanaoulinda, na Albert, fundi wa injini za mitumbwi. Juma lile Albert alikuwa ametoka kliniki na chupa ya insulini. Asubuhi hiyo alijidunga, akaja kijiweni bila kutia kitu tumboni. Tangu aambiwe ana sukari, kila tonge alikuwa akiliogopa.

— Prof, aliuliza, hii dawa inafanya nini mu mwili?

— Insuline ni mujumbe, Hénoc akasema. Inafika kwa cellule, ile chembe ya mwili, inagonga inje. Yenyewe haiingie. Kule ndani habari inapita, mulango inafunguka, sukari inatoka mu damu inaingia.

— Kama ku frontière, François akadakia. Sukari ya Albert ilikosa cachet, muhuri ya kupita, ikabaki inazunguka tu. Wahenga walisema, kibaya chajitembeza.

— Ile ni mambo ya biashara, Douane.

— Na damu nayo ni barabara ya biashara.

Albert alitabasamu. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni, ingawa upepo wa ziwa ulikuwa baridi.

— Na kama mutu hakule? aliuliza.

— Kongosho, ile inatengeneza insuline, iko na mujumbe wa pili, glucagon. Ule anaendea maini, anaiambia: toa akiba.

François akajipiga kofi pajani.

— Basi Albert, usikule. Maini itakulisha. Mutu munene kama wewe anaweza kufika Krismasi. Mvumilivu hula mbivu.

— Anakula mbivu, Douane. Umesikia, anakula.

— Kisha ya kuvumilia.

Albert alitaka kucheka, lakini sauti zao zilikuwa zimeanza kwenda mbali, kama watu wanaoongea ng'ambo ya maji. Kikombe kikamtetemeka mkononi. Alitafuta neno la kusema, akalikosa.

Hapo akafika mama mmoja na beseni la samaki, Mwelwa wa kijiji cha Mununga, kununua kahawa.

— Mwapoleni mukwai, alisalimu kwa Kibemba. Kisha akamtazama Albert. Huyu papa amekula leo?

Hénoc akamgeukia François. François akamgeukia Yolande. Hakuna aliyejua.

— Anadunga sindano ya sukari? Mwelwa aliuliza tena.

— Ndiyo, akasema Yolande.

— Basi mupe sukari. Sasa hivi.

— Mama, Yolande akauliza, si njo sukari iko inamuua?

— Yaya, mukubwa wangu wa tumbo moja, naye anadunga, alianguka hivi hivi. Leta.

Yolande akakoroga vijiko vinne katika maji. Mwelwa akamshika Albert kidevu, akamnywesha taratibu. Walingoja. Hatimaye mikono ikatulia, na Albert akawaona tena, mmoja mmoja, na nyuso zao zilizojaa hofu.

— Prof, François alisema kwa sauti ndogo, na ule mujumbe wa maini?

— Insuline ya kongosho, sukari ikishuka, inanyamaza. Ya sindano hainyamaze. Inaendelea kufungua milango tu, na wa maini anashindwa. Hénoc akainamisha kichwa. Nilikuwa najua, lakini sikumuangalia.

Yolande alileta bukari, ugali wa kwao, na chisense, dagaa wa ziwani, kutoka nyumbani kwake, akaketi karibu na Albert. Albert alimega tonge, akalishika kitambo, kisha akalila. Akamega lingine.

— Kisha hapa ninaenda kliniki, alisema. Nitauliza saa ya kudunga na saa ya kula.

— Nitakusindikiza, Hénoc akasema. Utaongea wewe. Mi nitasikiliza.