Anyesi na Kifuniko cha Mizani

Mbukwenyi, wasikilizaji wapendwa. Popote ulipo, Makole, Majengo au huko Mpwapwa, punguza kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Anyesi Chiloleti, mpimaji wa maabara ya mifugo, aliyezikwa Jumanne kwao Mpwapwa.

Anyesi alipima damu ya ng'ombe. Chombo chake kikuu kilikuwa pipeti, kile kidude cha kunyonya na kudondosha matone. Kila Jumatatu aliikagua. Aliipanga itoe maikrolita mia moja, kama matone mawili hivi, akadondosha maji kwenye kisahani juu ya mizani, mara kumi. Alijumlisha uzito, akagawanya kwa kumi, kisha akagawanya kwa uzito wa maikrolita moja ya maji kwa joto la siku hiyo. Hapo alijua pipeti imetoa kiasi gani hasa.

Oktoba moja, miaka mitano iliyopita, hesabu ilimpa tisini na sita. Akasema pipeti inapunja. Akakaza skrubu mpaka ikasoma mia.

Wiki hiyohiyo alipima ng'ombe wa mzee Obedi, mfugaji wa jirani. Sita wakaonekana wana ugonjwa wa kutupa mimba, wote kwa kuzidi kidogo tu mstari unaotenga wagonjwa na wazima. Ikaamriwa wachinjwe Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Anyesi alisahau kisahani cha maji juu ya mizani. Aliporudi, namba zilikuwa zinashuka zenyewe. Akazima feni, zikashuka polepole. Akafunika kisahani, zikatulia. Upepo mkavu wa Oktoba ulikuwa unayanywa maji kabla hajayasoma. Pipeti ilikuwa nzima. Yeye ndiye aliyeiharibu, na damu ya ng'ombe wa Obedi iliwekwa kwa kuzidi.

Simu ya Obedi haikupatikana. Anyesi akadandia bodaboda. Alifika ng'ombe wawili wakiwa wameshachinjwa. Akawaomba wachinjaji wasimamishe.

Alirudi maabara, akairekebisha pipeti, akapima upya damu iliyobaki ya wote sita. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, kati ya wanne walio hai. Wale wawili waliokufa walikuwa wazima.

Mumewe, Damiani, anakumbuka jioni ile. "Nilimwambia, mama, wanne umewawahi. Habari ya wale wawili nyamaza, nani atajua? Akanijibu, mimi najua. Sasa mimi nitamficha nani?"

Kesho yake akaenda tena kwa Obedi, wasikilizaji wapendwa. Hakumung'unya maneno. Alisema, "Shikamoo baba. Wawili wale walikuwa wazima. Nimekosea mimi, si mashine."

Mzee Obedi hakuitikia shikamoo ile. Mwaka mzima hakumsalimia. Anyesi alipewa onyo la maandishi, akalibandika ukutani kwake mwenyewe. Juu ya mizani akaweka kifuniko cha chupa ya jamu, akaandika kwa kalamu nyekundu: Funika kwanza. Kipo mpaka leo.

Tulimkuta Obedi msibani, amekaa peke yake. Tukamuuliza kama alimsamehe.

"Sikuwahi kumwambia," alisema. "Ila kila nilipopeleka damu maabara, niliwaambia: ya kwangu apime yule aliyekosea. Wengine siwajui."

Poleni sana, Damiani, watoto, na wenzake wa maabara. Nasi tuliobaki, kila mmoja ana kosa lake ambalo hakuna aliyeliona. Tulitazame leo. Na mzee Obedi, tulipomuaga pale msibani, alituuliza, "Sasa damu ya ng'ombe wangu nimpelekee nani?"