Bustani ya Regina Kabla ya Jumamosi

Maji hufunguliwa katikati ya Aprili, na mpaka yafunguliwe hakuna anayefanya kazi ya maana katika bustani za nyuma ya reli, pembezoni mwa mji wa Łódź. Watu huja na majembe yao, wakavitazama viwanja vyao, wakaguna, kisha wakaishia kwenye benchi la kijani karibu na lango. Kila mtu pale ana glasi yake. Kahawa ya kusaga inatiwa kwenye glasi, maji ya moto ya chupa yanamiminwa juu yake, halafu unasubiri machicha yatue ndipo unywe. Ukikosa subira, unatafuna. Wa kudumu ni watatu. Zenon anaitwa Meja, ingawa jeshini alikuwa mpishi. Wiesława ni Bibi Katalogi, kwa sababu hatembei bila mfuko wa picha za bustani alizokata kwenye majarida. Tytus ni Barometa: ana goti lililowahi kuvunjika, na goti hilo hutabiri baridi, likipatia na likikosea. Wa nne, Lucjan Wrona wa kiwanja namba tatu, fundi wa lifti aliyestaafu, hakuwahi kupewa jina la utani. Alikuwa mtu wa kuja kunywa kahawa huku akimsubiri mkewe amalize kazi.

Jumatatu ile alikuja na udongo hadi magotini. Mkononi alishika mzizi mnene kama kiazi, uliochipua vidole vinne vyekundu.

– Hebu niambieni, hiki ni nini?

– Umekitoa wapi? Bibi Katalogi aliuliza, akaweka glasi yake chini.

– Kwenye tuta la mbele. Nilidhani magugu. Mengine yapo kwenye toroli.

– Mengine mangapi?

– Yote.

Bibi Katalogi aliuchukua ule mzizi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

– Bwana Lucjan, hii ni piwonia. Yale maua ya Regina ya mwezi wa sita, makubwa kama kabichi. Alipewa na marehemu mama yake. Yana umri mkubwa kuliko binti yenu.

Lucjan akakaa. Kijasho chembamba kilimtoka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Regina alipigwa na kiharusi mwezi wa Februari, akiwa jikoni, anapanda mbegu za nyanya kwenye vikopo vya mtindi. Upande wa kulia ukalala. Maneno nayo yakapotea yote, likabaki moja tu: “baadaye”. Akitaka maji, baadaye. Akiumwa, baadaye. Ukimuuliza kama anakujua wewe ni nani, anakutazama machoni na kusema baadaye. Sasa wiki nane zilikuwa zimepita, na Ijumaa angerudishwa nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Jumamosi binti yao, Edyta, angemleta bustanini. Edyta hakuficha lililokuwa moyoni mwake: mama akiiona bustani na isimwamshe chochote, basi kiwanja kirudishwe kwa kamati ya bustani kabla ya Mei, maana baba mwenyewe hajui hata kutofautisha karoti na magugu.

Siku tano zilibaki, na kazi ya kwanza aliyoifanya Lucjan kwa mikono yake ilikuwa kung'oa piwonia za mama mkwe.

– Zirudishe ardhini leo leo, Barometa alisema. Usizizamishe, macho yake, haya mekundu, yawe karibu na juu. Na uzifunike. Goti langu limeanza jana. Jumanne tunashuka chini ya sifuri.

– Zitapona?

– Hizo hazipendi kusumbuliwa. Zinaweza kukununia miaka mitatu.

– Sina miaka mitatu, Bwana Tytus. Nina mpaka Jumamosi.

Walimsaidia kuzirudisha, wote watatu, wakipiga magoti kwenye tuta namba tatu, na kwa nusu saa hawakubishana. Bibi Katalogi alipima kina kwa kidole. Meja alileta matawi ya msonobari ya kufunikia. Lucjan alikuwa akishindilia udongo kwa viganja na kuomba samahani kwa sauti ya chini, hajui anamwomba nani. Waliporudi kwenye benchi na kumimina kahawa mpya, ndipo ubishi ulipoanza.

– Tuseme ukweli, alisema Meja. Maua si tatizo. Tatizo ni njia. Ile ni mchanga na mizizi. Kiti kitazama hatua ya tatu, mgonjwa atatikisika, atakata tamaa. Mimi ningemwaga zege.

– Kwenye njia? Lucjan aliuliza.

– Kwenye kiwanja. Chote. Unaacha matundu ya miti, basi. Kiti kinateleza kama barafuni, anakwenda atakako.

– Aende wapi, kwenye zege tupu? Bibi Katalogi alidakia. Meja, wewe ungemwagia zege hata kitanda chako. Bwana Lucjan, usimsikilize. Tazama hapa.

Akachomoa picha. Kibwawa, daraja jekundu, kokoto nyeupe zilizochanwa mistari kwa reki.

– Bustani ya Kijapani. Hakuna kuinama, hakuna palizi. Mgonjwa anatazama maji, mishipa inatulia. Nimesoma, wenzetu huko wanapona kwa kutazama tu.

– Na magurudumu yapite juu ya kokoto? alisema Meja.

– Apite darajani.

– Daraja lina mgongo kama paka. Utamsukuma na kikosi?

– Kwanza kibwawa chenyewe kitaganda Jumanne, alisema Barometa. Samaki watakufa. Jumamosi unamletea mgonjwa samaki waliokufa.

Lucjan aliwasikiliza mmoja mmoja, na kila aliyenena alimwona ana haki. Kwa siku nne usiku na mchana alikuwa akifikiria njia, kisha maua, kisha njia tena. Kila alipofunga macho alimwona Regina akigeuza uso pembeni na Edyta akitoa simu kuipigia kamati. Akauliza:

– Na akishindwa kugusa udongo? Alikuwa hawezi kukaa siku mbili bila udongo kwenye kucha. Kutoka pale kwenye kiti, mkono haufiki chini.

– Hapo sasa, alisema Meja, akasogea. Udongo umfuate yeye. Unainua matuta. Mbao, sentimita themanini, mpaka usawa wa tumbo.

– Sabini, alisema Bibi Katalogi. Regina ni mfupi.

– Akiwa amekaa, wote tuna urefu mmoja.

– Wewe hata ukikaa ni mfupi, Meja.

– Na asubuhi jua liko huku, mchana liko kule, alisema Barometa. Tuta lililoinuliwa linakauka upande mmoja na kuganda upande mwingine. Lingekuwa linazunguka, hapo ningekubali.

Kila mmoja aliliona tuta likizunguka.

– Kuna reli kwenye kile kiwanda kilichofungwa, Meja alisema taratibu. Reli nyembamba, za vigari vya nguo. Ukitandika mzunguko mmoja kuzunguka kiwanja, kiti unakifunga juu ya kigari. Anazunguka mwenyewe. Anasimama penye karoti, anasimama penye stroberi, anasimama...

– Nani atamsimamisha?

– Winchi, alisema Lucjan.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amechukua moja ya picha za Bibi Katalogi, ameigeuza nyuma, na kalamu ilikuwa ikikimbia. Alichora kapi, waya, uzito wa kusawazisha. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa akipandisha na kushusha watu wa mji mzima, na hili lilikuwa jambo la kwanza tangu Februari ambalo mikono yake ililielewa.

– Reli haihitajiki, alisema upesi upesi. Matuta yenyewe ndiyo yapande. Matuta manne, kila moja na kebo yake. Anabonyeza kwa mkono wa kushoto, tuta linakuja juu mpaka magotini pake. Akimaliza linashuka. Mota ninayo nyumbani. Nikifanya kazi usiku...

– Mvua ikinyesha, mota inaungua, alisema Barometa.

– Nitaifunika.

– Na umeme? Tuna umeme wa taa mbili tu hapa.

– Nitavuta waya.

– Kaka, pumua, alisema Meja, na mara hii hakuwa akitania.

Lucjan hakupumua. Kalamu ilitoboa karatasi. Bibi Katalogi aliona daraja lake la Kijapani limepasuka katikati, akauvuta mfuko wake karibu.

Ndipo mwanamke mmoja alipoingia langoni akiwa na ndoo mbili tupu. Alikuwa na miaka arobaini hivi, koti la posta bado mwilini. Alisalimia, akajitambulisha kwa jina la Kalina, akasema amepewa kiwanja namba arobaini wakati wa baridi, na alitaka kujua maji yanafunguliwa saa ngapi.

– Saa sita, alisema Barometa, au kesho. Kaa, Bibi Kalina. Una glasi?

Hakuwa na glasi. Akapewa kikombe cha kifuniko cha chupa, akasimama nacho, na kwa kuwa Lucjan alikuwa bado anachora, ikabidi aelezwe. Walimweleza wote kwa pamoja: kiharusi, piwonia, zege, kibwawa, reli, winchi, Jumamosi. Kalina aliwasikiliza mpaka mwisho. Akaitazama ile michoro. Hakucheka.

– Na yeye, akiwa hapa bustanini, huwa anapenda kukaa wapi? aliuliza.

Meja alimgeukia Bibi Katalogi. Bibi Katalogi alitazama upande wa kiwanja namba tatu.

– Mimi simkumbuki akiwa amekaa, alisema hatimaye. Namkumbuka ameinama.

– Kuna meza chini ya mtofaa, alisema Meja.

– Hapo hukaa Bwana Lucjan.

– Hapa kwenye benchi je?

– Hapa hakuwahi kuja hata siku moja. Tulimwita, tukachoka.

Wakamtazama Lucjan. Yeye alikuwa akitafuta. Alipitia majira ya joto ishirini na saba, moja baada ya jingine, na katika yote alimwona Regina mgongo tu, kitambaa cha kichwa, visigino vya viatu vya mpira. Alijua kwamba mchana Regina hupotea kwa nusu saa hivi, halafu hurudi. Hakuwahi kuuliza anapotelea wapi. Alidhani kazi.

– Sijui, alisema.

Kalina alishukuru kwa kahawa, akachukua ndoo zake. Chupa ya maji ya moto ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeinuka kwenda kuchemsha mengine.

Lucjan hakujenga winchi. Jumanne jalidi ilianguka kweli, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika kwenye tuta kuongeza matawi ya msonobari. Jumatano na Alhamisi alitafuta mbao za zamani, akazilaza kwenye njia ubao kwa ubao, kutoka lango dogo la kiwanja mpaka kwenye uzio wa nyuma, kila penye upana wa kupitisha kiti. Alizipitia kwa toroli lililojaa udongo, akizisikiliza kama zinalia. Mengine yote aliyaacha kama yalivyokuwa. Ijumaa usiku hakula.

Jumamosi ilikuwa na jua. Edyta alisimama nje ya lango dogo na simu mkononi, akasema:

– Baba, nusu saa tu. Asichoke.

Lucjan alisukuma. Walipita vichaka vya maua ya manjano, Regina hakugeuza kichwa. Walipita tuta la piwonia, akalitazama, akasema baadaye, na Lucjan akaendelea kusukuma. Wakafika kwenye meza chini ya mtofaa. Alimsimamisha hapo kwa dakika nzima. Mkono wa kushoto wa mkewe ulikuwa ukipiga piga mkono wa kiti, haraka, kama mtu anayemwambia dereva aende. Akaenda. Kila njia panda ya mbao alisubiri ule mkono, nao ulimpeleka kando ya banda la vifaa, kisha nyuma yake, penye lundo la mboji, mahali ambapo yeye hakuwa na sababu ya kufika. Mbao zake zilipita hapo kwa bahati tu. Regina alishika gurudumu na kulizuia.

Ilikuwa nafasi ndogo kati ya ukuta wa banda na ua mrefu wa miti. Kulikuwa na kreti iliyogeuzwa kifudifudi, gunia limekunjwa juu yake. Jua liliingia hapo moja kwa moja. Lucjan aliisogeza kreti, akakiweka kiti mahali pake, akafunga breki. Alikuwa bado ameinamia breki aliposikia sauti ya Meja, karibu kabisa, kama yuko sikioni.

– Mimi bado nasema reli.

– Reli yako ingemwua mtu, alijibu Bibi Katalogi.

Benchi lilikuwa upande wa pili wa ua, hatua mbili. Kila neno lilipita kwenye majani. Lucjan alisimama na mkono kwenye mgongo wa kiti, masikio yakimwaka moto. Alianza kukumbuka yale aliyowahi kuyasema pale kwa miaka yote hiyo: kuhusu supu ya Regina, kuhusu dada yake, kuhusu namna anavyokoroma.

– Kwani yuko wapi Lucjan? Barometa aliuliza upande wa pili. Goti langu linasema mvua.

– Goti lako lilisema mvua siku ya harusi yangu, na ilikuwa Julai, jua kali.

– Kwa hiyo goti ndilo lilikosea, au harusi?

Mabega ya Regina yakatikisika. Lucjan aliinama upesi, akidhani ni kiharusi kingine, akaushika uso wake. Nusu ya mdomo ilikuwa imepanda juu. Machozi yalikuwa yakimtoka, na pumzi ilikuwa inamkatika kwa kicheko kisicho na sauti. Alimwekea mumewe kidole cha mkono wa kushoto mdomoni, anyamaze, wasisikike.

Lucjan alichuchumaa kando yake, goti kwenye udongo mbichi. Kutoka langoni Edyta aliita kwamba nusu saa imekwisha, na hakuna aliyemjibu.