Mkono Uliokuwa Begani kwa Binti Yangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni fundi seremala hapa Bagamoyo, na wengi wenu mnalalia vitanda vyangu. Leo sikusimama kwa habari ya vitanda. Nimesimama kwa sababu Mungu alinitoa katika hasira iliyokaribia kunipotezea mtoto.

Mwaka juzi timu moja kubwa ya mpira ilipiga kambi kwenye hoteli ya ufukweni. Dada yangu Asteria, ambaye ni dobi, akapata kazi ya kufua jezi zao. Siku moja binti yangu Yusta, mwenye miaka kumi na sita wakati huo, akamsindikiza kuzipeleka. Siku mbili baadaye mteja akaja karakana na simu mkononi. "Fundi, huyu si binti yako?"

Nikatazama. Yusta amesimama kwenye korido ya hoteli kati ya wachezaji watatu, anacheka, na mkono wa mtu uko begani kwake. Chini, wenye ukurasa mmoja wa udaku mtandaoni wameandika kuwa binti wa shule amenaswa na nyota wa soka. Hadi jioni mji mzima ulikuwa umeiona.

Ndugu zangu, sikumwuliza mtoto hata neno moja. Dada yangu alikuja kunieleza, nikamfukuza mlangoni. Mwalimu mkuu alitaka Yusta aendelee na masomo. Mimi ndiye niliyemtoa, nikampeleka Mkange kwa mama yangu. Kanisani nikaacha kuja. Ile picha niliihifadhi, nikawa naifungua kila hasira ilipotaka kupoa.

Miezi minne ikapita. Mchungaji akanifuata karakana, akakaa juu ya mbao, akaomba pamoja nami. Hakunigombeza. Alisema tu niende nikamsikilize mtoto.

Nikaenda. Yusta akaniamkia, akaniletea maji. Amekonda. Nikaweka maji chini. Nikamwuliza, "Siku ile ilikuwaje, mwanangu?"

Akajibu, "Baba, leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza."

Akanieleza kuwa walikabidhi jezi, wachezaji wakashukuru, mhudumu akawapiga picha wote pamoja, na shangazi yake alikuwamo. Walioisambaza ndio waliomkata shangazi kwenye picha, ukabaki mkono tu. "Mkono ule ni wa shangazi," akasema.

Nilikuwa nimeshamwamini kabla sijatoa simu. Hata hivyo niliitoa. Nyuma ya kiganja kile kulikuwa na kovu la pasi ya mkaa, kovu ninalolijua tangu utotoni! Picha nimeitazama mara ngapi, na mkono wa dada yangu wa tumbo moja sikuuona.

Nikapiga magoti pale uani, mama yangu akiona. Yusta hakusema amenisamehe. Aliuliza kama shule bado watampokea.

Walimpokea. Wenye habari ile waliifuta kimyakimya, bila kuomba radhi, na wapo watu wanayo mpaka leo. Lakini nyumbani kwangu kuna amani. Asteria anakula kwetu kila Jumapili, Yusta amemaliza kidato cha nne. Namshukuru Mungu!

Ndugu yangu, kama una mtoto uliyemhukumu kwa maneno ya watu, usingoje kama nilivyongoja. Mtumaini Mungu, nenda kamwulize.

Jana nilimwuliza Yusta kama nisimulie haya mbele yenu. Alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Simulia, baba. Ila na ile ya kumfukuza shangazi, useme."

Nimesema.