Hafidh Silima, Mpimaji wa Jengo Lililojisokota

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, tuliyetoka kwake na kwake tutarejea. Ndugu yetu Hafidh Silima Nyange alizaliwa Mtambile tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa Mzee Silima Nyange na Bi Kazija Hamood.

Alisoma Mtambile hadi kidato cha nne, kisha chuo cha ufundi Unguja, alikohitimu upimaji wa majengo mwaka 2002. Alipokuwa skuli alimsaidia baba kujenga banda la karafuu, akataka nguzo moja ing'olewe mara tatu kwa kuwa haikunyooka. Marehemu baba alicheka: "Huyu akinichimbia kaburi, nitalala sawasawa."

Mwaka 2005 alimuoa Bi Asma Ridha wa Wambaa.

Mwaka 2008 alikwenda Ghuba, akaajiriwa kwenye ujenzi wa jengo la makaazi la ghorofa sitini na nne. Kila ghorofa iligeuzwa kidogo juu ya ile ya chini yake, hata jengo zima likajisokota: mlango ukatazama bahari, kilele kikatazama jangwa. Kazi yake ilikuwa kuweka alama za pembe na nguzo kabla ya zege kumwagwa. Siku ya kwanza tu, msimamizi alichukua pasipoti yake akaifungia kabatini.

Mwezi Mei 2011 mama aliugua sana. Hafidh aliomba ruhusa. Wiki hiyohiyo alikuwa amegundua kwamba nguzo mbili za ghorofa ya thelathini na nane zimekaa kando ya alama zake. Msimamizi akamwekea karatasi mezani: "Tia saini kwamba ziko sawa, uchukue pasipoti, kesho uende kwa mama yako."

Alimpigia mama simu. Mimi, mdogo wake Jabir, ndiye niliyemshikia mama simu sikioni.

"Humo watakaa watu na watoto wao?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi usitie. Mie n'takusubiri."

Hakutia saini. Mama alifariki siku kumi na tisa baadaye. Washauri wa mradi walipokuja kupima, nguzo zile zilivunjwa zikajengwa upya. Pasipoti yake haikutolewa mpaka Agosti 2012. Muda wote huo alipanda lifti ya kazi kila asubuhi, akiiona bahari asiyoweza kuivuka.

Aliporudi nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Saini siijutii, Jabir. Lakini mama nilimkosa."

Alipima skuli na nyumba nyingi hapa Pemba. Mwaka 2023 figo zilimshinda, akawa amefungwa na mashine ya kusafisha damu, hawezi kwenda mbali nayo zaidi ya siku tatu. Alifariki Jumatano, 10 Septemba 2025, Bi Asma akimsomea Yasini.

Ameacha mjane, watoto watatu, Shamima, Nassor na Khairat, dada yake Bi Rahila, nami. Na ameacha jengo zima la watu wanaolala salama, wala hawamjui.

Mola amfungulie kila mlango, apumzike kwa amani. Amin.