Kilio Kwenye Simu

Uvumi ulikuwa umemganda mama mmoja: eti wanaosomea sauti na muziki wa sinema huishia kuwa na roho ngumu. Na bintiye ndiyo kwanza ameanza.

Ndani ya basi, kiti cha mbele yake, wanafunzi wawili wa fani hiyohiyo walikuwa wakicheka.

"Shoga, shingo ya yule mzee uliivunja vizuri."

"Nilivunja karoti mbili tu kwenye maikrofoni. Muziki niliuzima kwanza, ndiyo maana mkashtuka."

"Na kile kilio cha nani?"

"Cha mama, tulipomzika babu. Nilimrekodi kwa simu, mwenyewe hajui."

"We una roho gani?"

Mama akakumbuka maziko ya mumewe, na simu ya bintiye iliyokuwa mapajani siku ile. Awaulize, au anyamaze? Basi likasimama.

Wenye watoto wa fani hii, epukeni haya: kuwapa karoti bila kuuliza, kukaa nyuma ya wenzao, na kulia karibu na simu zao.